Akikimbia, karibuni atafuata: kusoma mapenzi katika mashairi ya Kigiriki ya kale

Katika ubeti wa sita wa shairi ambalo wahariri wanalipa namba 1, Sappho, mshairi wa kike wa kisiwa cha Lesbos, ananukuu maneno aliyoambiwa na Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi. Yakiwekwa kwa Kiswahili bila kuongeza kitu, yanasomeka hivi:

Kwani akikimbia, karibuni atafuata;
asipopokea zawadi, yeye ndiye atakayetoa;
asipopenda, karibuni atapenda
hata asipotaka.

Mkono wa mtafsiri wa Kiswahili huwashwa hapa kuandika "atakufuata" na "atakupenda", kwa sababu vitenzi vyetu havitulii bila kiambishi cha mtendwa pale mtu anapohusika. Kigiriki kimenyamaza. Vitenzi ni sita, vimepangwa jozi tatu, na hakuna hata kimoja kinachosema anafuatwa nani wala anapendwa nani. Ukichomeka -ku-, umelifunga shairi: Aphrodite anamwahidi Sappho kwamba mpenzi wake atarudi. Ukiliacha wazi, ahadi inakuwa nyingine na kali zaidi. Anayekimbia leo, kesho atakuwa yeye anayekimbiza, amkimbize Sappho au amkimbize mtu mwingine asiyemtaka. Wapo wataalamu wanaosoma hivyo, na mishororo iliyotangulia inawapa nguvu, kwa maana Aphrodite anaanza kwa kuuliza, "Nani, ewe Sappho, anakudhulumu?" Kudhulumu ni neno la haki na madai. Hata vitenzi vya kukimbia na kukimbiza, pheugein na diokein, baadaye vilitumika katika mahakama za Athens: anayekimbia ni mshtakiwa, anayekimbiza ni mshtaki.

Nimeanza na viambishi kwa makusudi. Wagiriki wa karne ya 7 na ya 6 KK walioimba juu ya mapenzi hawakuyaeleza kama hazina iliyotunzwa moyoni. Kwao ni nguvu inayomvamia mtu kutoka nje, inamtikisa mwili, inaondoka, kisha inarudi. Nguvu hiyo imeandikwa katika maneno madogo ambayo tafsiri huyapoteza kwanza.

Neno lenyewe, eros, ndipo wengi wanapokwama. Wasomaji wengi wa Kiswahili wamelisikia kanisani, likipangwa pamoja na filia na agape kama ngazi tatu, eros chini, filia katikati, agape juu. Ngazi hiyo imejengwa na watu wa baadaye sana. Sappho anatumia kitenzi cha eros (eramai) na kile cha filia (phileo) bila kuona kwamba kimoja ni kichafu na kingine kisafi. Katika ubeti ule wa sita, "atapenda" ni phileo. Tofauti iliyopo ni ya namna nyingine. Eros ni kukosa na kutaka: mtu hana eros kwa kitu alichokwisha kukishika. Kwa hiyo "upendo" ni tafsiri dhaifu, na "mapenzi" ni pana mno. Ashiki ndilo neno linalokaribia, au shauku pale sauti inapokuwa ya upole.

Kando ya eros kuna pothos, hamu ya mtu asiyekuwepo, na himeros, shauku inayochochewa na kilicho mbele ya macho. Mgawanyo huo wa aliyepo na asiyekuwepo umeandikwa na Plato katika Cratylus, karne ya 4 KK. Washairi wenyewe hawakuufuata kama kanuni, lakini unasaidia kama taa ya kwanza. Eros akiwa mungu, vilevile, usimwone yule mtoto mnene mwenye upinde wa kadi za mapenzi. Sura hiyo ni ya karne za baadaye. Kwa Hesiod, mshairi wa kale wa nasaba za miungu, Eros ni miongoni mwa wa kwanza kabisa kuwako, pamoja na Chaos (pengo la mwanzo) na Dunia, na sifa yake ni lusimeles, "mlegeza viungo". Katika lugha ya tenzi za vita za Homer, kumlegeza mtu viungo mara nyingi ni kumuua.

Mashairi haya yaliimbwa. Jina "lirika" limetoka kwa lyra, kinubi cha kawaida cha nyuzi 7, na mara nyingi wimbo wa mapenzi ulipigiwa barbitos, ndugu yake mwenye nyuzi ndefu na sauti nzito. Wasomi wa Alexandria, mji wa Misri, baadaye waliteua washairi 9 wa lirika kuwa wa kuigwa: Alcman, Sappho, Alcaeus, Stesichorus, Ibycus, Anacreon, Simonides, Bacchylides na Pindar. Muziki wao umepotea. Mizani imebaki.

Msomaji aliyezoea mashairi yetu atatafuta vina na hatavipata, kwa kuwa Wagiriki hawakuvitumia kujenga ubeti. Mizani zipo, ila hazihesabiwi kwa idadi peke yake. Kila silabi ni ndefu au fupi, na ndefu huchukua takriban mara mbili ya muda wa fupi. Aliyesoma arudhi ya Kiarabu atalielewa jambo hili haraka kuliko aliyezoea nane kwa nane. Ubeti wa Sappho una mishororo mitatu ya mizani 11, kisha mmoja mfupi wa mizani 5. Ule wa 11 unakwenda hivi: ndefu, fupi, ndefu, yoyote, ndefu, fupi, fupi, ndefu, fupi, ndefu, yoyote. Wa 5 ni ndefu, fupi, fupi, ndefu, yoyote. Masikio yanaizoea mishororo mirefu mitatu, halafu wa nne unakatika. Mshairi mzuri huweka mzigo wake hapo.

Tazama ule wa "hata asipotaka". Kwa Kigiriki ni kouk etheloisa. Ugawe kwa silabi: kou-ke-the-loi-sa. Mizani 5 kamili. Na hapo mwishoni, katika -oisa, kuna alama ya kike. Katika shairi zima lenye beti 7 na mishororo 28, hilo ndilo neno pekee linalotuonyesha kwamba anayetakiwa na Sappho ni mwanamke. Katika nakala za mkono zilizotufikia neno hilo lilikuwa limeharibika, na umbo la kike lilirudishwa na wahariri wa karne ya 19. Kiswahili kinafanana na Kigiriki katika "atafuata" na "atapenda", kwa sababu vitenzi vya lugha zote mbili havisemi kama mtendaji ni wa kiume au wa kike. Katika "asipotaka" njia zinaachana: sisi hatuna mahali pa kuiweka alama ile. Mtafsiri anayejali atalazimika kuitaja jinsia mahali pengine, au kuandika maelezo pembeni. Kukaa kimya ni kumpa msomaji shairi la mtu mwingine.

Neno dogo lingine ni deute. Limeunganishwa na de, linalotilia mkazo, na aute, yaani tena. Sisi tunalo tayari: "haya tena!" Katika shairi la 1 linakuja mara tatu ndani ya beti mbili, kinywani mwa Aphrodite anayetabasamu: ni nini tena kimekusibu, kwa nini tena unaita, nimshawishi nani tena. Maombi ya Kigiriki yalikuwa na sehemu zinazojulikana, yaani kuita kwa majina ya sifa, kukumbusha msaada wa zamani, kisha kutaja haja. Sappho anafuata utaratibu huo, lakini sehemu ya kumbukumbu inajaa na kuwa shairi lenyewe: gari la dhahabu, ndege wadogo wanaopiga mbawa upesi juu ya dunia nyeusi, na mungu anayeuliza kama mtu aliyekwisha kuitwa mara nyingi. Ndani ya tena ile kuna mara ya kwanza, ya pili, na hii ya leo. Mwisho anamwomba Aphrodite awe summachos wake, mwenzake wa vitani.

Ukishalijua neno hilo utalikuta kila mahali. Alcman, aliyeimba Sparta karne ya 7 KK: Eros tena, kwa matakwa ya Aphrodite, ananimiminikia kwa utamu na kunipasha moyo. Sappho kwingine: Eros tena ananitikisa, mlegeza viungo, kitambaazi kitamu-kichungu kisichopigika. Anacreon: "Nashikwa na ashiki tena na sishikwi, nina wazimu na sina wazimu." Ukitupa "tena" kwa sababu inaonekana kijazo tu, unamfanya mpenzi wa Kigiriki aonekane kijana anayependa kwa mara ya kwanza. Anayeimba hapa ni mtu anayeifahamu homa yake, na kuifahamu hakumkingi. Neno la Sappho, glukupikron, nalo linaanza na utamu. Wengi hulitafsiri "chungu-tamu" kwa mazoea, wakageuza mpangilio ambao yeye aliupanga.

Mwili ndio ushahidi mkuu. Shairi la 31 la Sappho limefika kwetu kwa sababu mhakiki tunayemwita Longinus alilinukuu katika kitabu chake juu ya utukufu wa lugha. Linaanza na mwanamume anayeonekana sawa na miungu, aliyeketi mkabala na mwanamke na kumsikiliza kwa karibu akiongea na kucheka. Kisha mwanamume huyo anatoweka na harudi tena katika mishororo iliyobaki. Watu wamejaza pengo lake kwa nadharia za harusi na za wivu, lakini shairi limehamia kwingine:

… ulimi umevunjika, moto mwembamba
umenipitia ghafla chini ya ngozi,
kwa macho sioni kitu, masikio
yanavuma,

jasho linanitiririka, tetemeko
lanishika mwili mzima, nimepauka
kuliko nyasi, na naona nimebakiza
kidogo nife.

Moyo, sauti, ulimi, ngozi, macho, masikio, jasho, tetemeko, rangi, kifo. Longinus alisifu mambo mawili: kwamba ameteua dalili zilizo kali kuliko zote, na kwamba ameziunganisha kuwa mwili mmoja huku kila kiungo kikionekana kama si chake tena. Angalia pia anavyohesabu kwa utulivu kamili wa mizani huku akisema hawezi kusema. Neno la rangi, chloros, ni mtego. Kamusi nyingi zitakupa "kijani", na kijani kwetu ni uhai na mvua. Chloros ni rangi ya kitu kichanga na chepesi, kati ya njano na kijani, na Homer analitumia kuieleza hofu. Ni rangi ya uso uliokimbiwa na damu. Na umbo lake hapa, chlorotera, ni la kike, kwa hiyo ndiko tunakojua kwamba anayesema "mimi" ni mwanamke.

Ibycus, mzaliwa wa Rhegium kusini mwa Italia aliyeimba katika baraza la mtawala Polycrates kisiwani Samos, aliihamishia nguvu hiyo kwenye hali ya hewa. Katika kipande cha 286 kuna bustani ya masika, miti ya mikwinsi ikinyweshwa na mito, mizabibu ikichanua kwa wakati wake. Halafu anageuka: kwangu mimi, anasema, Eros halali msimu wowote, kama Boreas wa Thrace awakaye kwa radi, anakuja mbio kutoka kwa Aphrodite na wazimu wa kukausha, mweusi, asiye na haya, anautikisa moyo wangu kutoka mzizini.

Boreas ni upepo wa kaskazini. Usiandike "kaskazi". Kwa mtu wa pwani yetu kaskazi ni upepo wa joto na jua, msimu wa majahazi kuteremka kutoka Arabuni. Ukiuweka hapa, picha nzima inapinduka. Boreas hutoka Thrace, kaskazini mwa Ugiriki, akileta baridi, dhoruba na hatari ya kuzama. Nguvu ya Ibycus iko katika kugonganisha vitu visivyokaa pamoja: upepo wa baridi uliobeba moto, unaokausha bustani iliyonyweshwa. "Upepo wa baridi kutoka Thrace" ni refu, lakini ni la kweli.

Anacreon wa Teos, aliyekuwa naye Samos na baadaye akachukuliwa Athens na Hipparchus wa ukoo uliotawala huko, ana mkono mwepesi zaidi, na kwa hiyo hudharauliwa isivyo haki. Kipande cha 413 ni mishororo miwili tu: Eros amenipiga tena kwa shoka kubwa kama mhunzi, akaniogesha katika korongo la maji ya kipupwe. Aliyewahi kusimama karibu na mhunzi anajua kinachotokea. Chuma kinapashwa mpaka kiwe chekundu, kinapigwa, kisha kinatumbukizwa majini kikilia. Mpenzi ndiye chuma. Moto haukutajwa hata kwa neno moja, lakini huwezi kukichovya chuma ambacho hakijapashwa. Lazima alikuwa anawaka tayari. Katika kipande kingine anachezea sarufi: anamtaja Cleobulus mara tatu mfululizo, kila mshororo kwa mwisho tofauti wa jina, Kleoboulou, Kleobouloi, Kleoboulon, kwa sababu kutamani, kurukwa na akili kwa ajili ya mtu, na kukodolea macho kila kimoja kinadai umbo lake la jina. Kiswahili hakina miisho hiyo ya majina. Kinachoweza kuokolewa ni kulirudia jina mara tatu mwanzoni mwa mishororo. Ukibadilisha la pili na la tatu kuwa "yeye", mchezo wote umekufa.

Cleobulus ni wa kiume, na nyimbo nyingi za Ibycus na Anacreon zinaelekezwa kwa wavulana. Ziliimbwa katika karamu za wanaume wa tabaka la juu, wameegemea vitanda katika chumba ambacho mara nyingi kilitosha vitanda 7 au 11, divai ikichanganywa na maji katika bakuli kubwa. Desturi ya mwanamume mzima kumsifu na kumtamani kijana aliyeanza kupevuka ilikubalika kwao, na msomaji wa leo ana haki kamili ya kuona hapo umri mdogo na mamlaka yasiyo sawa. Kumgeuza mvulana kuwa msichana katika tafsiri, kama ilivyofanywa mara nyingi, hakumlindi mtu. Kunaficha tu kilichoandikwa.

Na yule "mimi" je? Kosa la kawaida ni kusoma kila mimi kama shajara. Wimbo ulipita kutoka kinywa hadi kinywa. Aliyeuimba leo ndiye mimi wa leo. Waswahili wana mfano mzuri katika taarabu, ambako mtunzi ni mmoja, mwimbaji ni mwingine, na anayeinuka kutuza anaufanya ujumbe kuwa wake. Alcman alitunga nyimbo ziimbwe na kundi la wasichana wa Sparta, nao wakisifu uzuri wa viongozi wao kwa sauti zao wenyewe. Hata hivyo Sappho anajitaja kwa jina ndani ya shairi la 1. Jina likiimbwa na mtu mwingine linafanya kazi ya ajabu: mwimbaji anaazima maumivu yenye anwani.

Linabaki suala la vipande, na hapa unahitaji kujua alama. Kitabu cha kwanza cha Sappho katika toleo la Alexandria kilikuwa na mishororo 1,320, yaani beti 330. Leo kazi yake yote iliyobaki ni takriban mishororo 650, mingi ikiwa nusunusu. Sehemu kubwa imetoka kwenye mafunjo yaliyochimbwa Oxyrhynchus, Misri, kazi iliyoanzishwa na Grenfell na Hunt mwishoni mwa karne ya 19, juu ya karatasi zilizoandikwa kwa kalamos, mwanzi uliochongwa, neno lililopitia Kiarabu likawa kalamu yetu. Katika matoleo, mabano ya mraba yanaonyesha mahali mafunjo yalipochanika. Herufi zilizo ndani yake ni makisio ya mhariri. Nukta chini ya herufi maana yake wino hausomeki vizuri. Kosa la msomaji mgeni ni kuyaona mapengo kama ufundi wa mshairi, kwamba Sappho alipenda ukimya. Hakuacha pengo hata moja. Wadudu, unyevu na mikono iliyozichana karatasi ndio walioyaacha. Kwa hiyo kabla ya kusifu neno lolote, angalia kama liko nje ya mabano.

Vipande vingine havikutoka mchangani. Vilinukuliwa na wanasarufi na walimu wa ufasaha waliohitaji mfano mmoja, wakakata walipotosheka. Cha 105a, cha Sappho, ni mishororo mitatu ya aina hiyo:

Kama tufaha tamu liivavyo jekundu juu ya tawi la juu,
juu ya lililo juu kabisa, nao wachumaji wamelisahau —
hapana, hawakulisahau, ila hawakuweza kulifikia.

Sikiliza "juu" inavyorudiwa, kana kwamba macho yanapanda tawi kwa tawi. Kisha mshairi anajisahihisha mbele yetu. Mshororo wa pili unatoa sababu ya kawaida ya tunda kubaki mtini, na wa tatu unaifuta: tunda liko pale kwa sababu mikono ilinyooshwa na haikufika. Eros kama nilivyoieleza mwanzoni, kutaka kisichoshikwa, iko katika sahihisho hilo, bila neno eros kutajwa. Himerius, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 4 BK, anasema Sappho alimlinganisha msichana na tufaha, na wataalamu wengi wanakihesabu kipande hiki kuwa cha wimbo wa harusi. Shairi lenyewe linaanza na "kama". Upande wa pili, ule wa "ndivyo", haujapatikana.